Telesia Haule, Aliyesoma Maharage Yakichemka

Baba Paroko, wazee wetu, majirani na waombolezaji wote, kamwene. Mimi ni Judith, mtoto wa tatu wa marehemu. Familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu. Mkiona nacheka mahali, msinishangae. Maisha haya hayasomeki bila tabasamu.

Marehemu Telesia Haule alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 katika kijiji cha Mawengi, Ludewa, akiwa mtoto wa pili wa mzee Linus Haule na mama Modesta Mgina, wote sasa ni marehemu.

Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini kuanzia mwaka 1970 hadi alipohitimu darasa la saba mwaka 1976. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari. Siku majina yalipobandikwa, aliisoma orodha mara tatu, kisha akaenda moja kwa moja kwa sista aliyetunza kabati la vitabu misheni. Akamwambia, "Sista, sekondari wamenikataa. Na wewe utanikataa?" Sista akampa ufunguo. Tangu hapo marehemu alipalilia mistari miwili ya mahindi, akakaa kwenye tuta akasoma ukurasa mmoja, akainuka kupalilia tena. Kwa miaka mitano alimaliza vitabu vyote vya Kiswahili vya kabati lile, pamoja na kimoja cha ufugaji wa nyuki kisichokuwa na jalada. Nyuki hakuwahi kufuga.

Tarehe 22 Septemba 1984 alifunga ndoa takatifu na baba yetu, Hilario Mlowe, fundi seremala, wakahamia Makambako. Mungu aliwajalia watoto wanne: Fidelis, Rosemary, mimi na Obed. Baba hakuwa mtu wa vitabu. Mara ya kwanza alipomkuta mkewe anasoma huku ananyonyesha, alimwuliza kwa wasiwasi, "Kuna barua ya msiba?"

Mwaka 1989 marehemu alianza kuuza chakula karibu na stendi ya Makambako, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na tano. Aliamka alfajiri na baridi yetu hii mnayoijua, akawasha kuni, akateka maji, akatuandaa kwenda shule, na kufika saa moja madereva walikuwa wameshakaa wanadai chai. Watu walimwuliza muda wa kusoma anautoa wapi. Alijibu, "Maharage hayaniombi ruhusa kuchemka, na mimi siyaombi ruhusa kusoma." Aproni yake aliishonea mfuko mbele, upana wa kitabu. Alisoma kwenye foleni ya maji, kliniki na mashineni akisubiri unga. Ndiyo, maharage aliyaunguza. Mwaka 1997 liliungua sufuria zima, moshi ukajaa bandani, Baba akaja mbio kutoka karakana. "Telesia, hicho kitabu ndicho tutakachokula?" Mama hakuinua macho. "Subiri, baba Fidelis. Nimebakiza kurasa nne."

Mwaka 2008 alianza kusoma kwa sauti asubuhi, kina mama wenzake wakimenya viazi. Wateja nao wakawa hawaondoki. Hapo ndipo anapoingia Odilo, ambaye sasa tunamwita kaka, dereva wa lori la kupeleka mbao Dar es Salaam. Siku moja mbao zake zilichelewa kupakiwa, akakaa akasikiliza hadithi ya binti aliyegongewa mlango na mtu asiyemtarajia. Utingo alimwita mara tatu. Hatimaye akaondoka kwa shingo upande, lakini alipofika Mikumi akapiga simu.

"Mama Fidelis, yule binti alifungua mlango au hakufungua?"

"Kitabu kipo hapa mezani. Ukirudi utasoma mwenyewe."

Odilo akashusha sauti, akasema, "Mama, mimi sijui kusoma."

Alikuwa na miaka arobaini na moja, na hakuwahi kumwambia mtu. Mama akasema, "Basi usichelewe kurudi."

Akarudi. Kila lori liliposubiri mzigo, marehemu alimwandikia herufi kwa mkaa kwenye vipande vya mbao vya karakana ya Baba. Kazi hiyo ilichukua miaka miwili. Kile kitabu Mama alikificha, na kina mama wote aliwakataza kumsimulia. Jumanne tarehe 8 Juni 2010, banda likiwa limejaa, Odilo alisimama na kitabu mkononi, akasoma neno kwa neno, jasho likimtoka. Alipofika kwenye sentensi yenyewe alipiga meza, vikombe vikaruka: "Alifungua! Jamani, alifungua!" Mama alipiga vigelegele mwiko ukiwa mkononi, na mabasi mawili yalichelewa kuondoka siku ile kwa sababu abiria walikuwa wanashangilia. Kaka Odilo, tafadhali simama watu wakuone.

Marehemu aligundulika kuwa na kisukari mwaka 2019. Mwanzoni mwa mwaka jana ugonjwa ulifika machoni, akashindwa kusoma. Alilia siku moja. Siku ya pili akauliza nani atamsomea. Naomba nikiri mbele yenu: mimi, mwalimu wa shule hapo Njombe, nilimjibu kwamba nina madaftari mia ya kusahihisha na mtoto mchanga, muda sina. Akaniambia, "Judith, sijakuomba muda. Nimekuomba kurasa tatu." Kesho yake saa nne, wakati wa chai, nilimpigia simu nikamsomea tatu. Wiki iliyofuata zikawa tano, na walimu wenzangu wakaanza kusogeza viti. Sikuwa nimemaliza kitabu tangu nitoke chuoni. Na Mama tulimaliza vitabu saba.

Mwezi Julai mwaka huu figo zilishindwa, akalazwa hospitali mjini Njombe. Asubuhi ya Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025 nilikuta Baba amekishika yeye mwenyewe kitabu nilichokuwa namsomea Mama, anafuata mistari kwa penseli yake ya useremala. Zilibaki kurasa sita. Alisoma taratibu kama anayepiga randa mbao ngumu, na Mama alikuwa akimkatiza: "Rudia hapo, umeruka nukta."

Alipomaliza, Mama akauliza, "Umeonaje?"

Baba alifuta macho kwa kiganja. "Telesia, kumbe miaka yote hii ulikuwa unakwenda huku?"

Mama akacheka mpaka muuguzi akaja kutazama. Akasema, "Kalete kingine." Saa tisa alasiri ya siku hiyohiyo akaitwa na Muumba wake, akiwa na miaka sitini na mitatu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Marehemu ameacha mume, watoto wanne, wajukuu tisa, kina mama wa banda la stendi, na kitabu kimoja kipya ambacho Baba amekileta kama alivyoagizwa. Jana jioni alikuwa amefika ukurasa wa kumi na moja.

Bwana akupe raha yake, Mama. Lala salama.