Aliyeitunza Ngome Aliyoidharau

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika kutusitiri leo, mimi mdogo wake marehemu nimepewa na familia kazi ya kusoma maisha ya dada yetu, na kwa kuwa mwenyewe hakuwavumilia watu wanaompamba maiti mpaka anakuwa malaika, nitayasoma kama yalivyokuwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, ndani ya ngome ile kuukuu ya baharini, ambayo wakoloni walikuwa wameigeuza gereza, katika chumba cha chini cha wafungwa wanawake, kwa sababu mama yetu, akiwa mjamzito wa kukaribia kujifungua, alimmwagia karani wa kodi beseni la maji ya kufulia, na hakimu akaona kosa zito namna hiyo haliwezi kusubiri mtoto azaliwe. Mama alitoka kifungoni na mtoto mgongoni, na habari hiyo hapa nyumbani haikuwa ikizungumzwa hata kwa wajukuu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, akaingia sekondari ya wasichana mwaka 1966, na huko mwalimu wa historia alipowafundisha kwamba ngome ilijengwa kuwalinda wenyeji, yeye alisimama akauliza, "Mwalimu, kama ni kutulinda sisi, mbona mizinga mingine inaangalia sokoni?" Swali hilo lilimpatia adhabu ya kufyeka majani, naye akafyeka huku akiimba, kisha akasoma historia mpaka chuo kikuu ili, kwa maneno yake, awafahamu wale watu vizuri kabla ya kuwadharau.

Ngome ilipofanywa makumbusho mwaka 1976 aliajiriwa kuwa mhifadhi wake, na wageni waliokuja kustaajabu walikiona cha moto. Wakisifu unene wa kuta, aliwaambia huo ni unene wa woga, maana mtu aliyekuja kwa heri hajizungushii mawe ya matumbawe na chokaa upana wa kitanda. Wakisifu chumba cha gavana kule ghorofani, na madirisha yake makubwa yanayokaribisha upepo wa bahari, aliwateremsha ngazi mpaka chumba kilicho chini yake hasa, chenye tundu la kupitisha mkono tu, akawaonyesha kwamba mchoraji wa jengo lile hata upepo aliugawa kwa vyeo. Na wakiuliza kuhusu buruji ya magharibi, ule mnara wa pembeni ulioinama kama mlevi, alijibu kwamba bwana mkubwa mmoja aliujenga juu ya mchanga kwa haraka ya kumfurahisha mfalme wake, na ulipoanza kuinama akawachapa waashi viboko. Wafanyakazi wenzake walimwita Bi Mkavu, naye alijua, wala hakujali.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na fundi mwashi aliyeletwa kuziba nyufa za ngome hiyo, ambaye yuko nasi hapa, na shemeji husimulia kwamba alimpenda siku alipomuuliza, "Unalichukia jengo hili hivi, mbona unanikazania nilitengeneze?" naye akamjibu, "Likianguka, watasema halikuwepo." Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye ni nesi, na kijana ambaye ni msanifu majengo.

Mwaka 2009 ofisi ya mji iliamua kuigeuza ngome hoteli, ikampa kazi ya kuchora kijana wake huyo, na katika michoro chumba cha chini cha wanawake kikawa baa. Marehemu aliposikia hakugomba na mtu, aliwakaribisha mkurugenzi, mwekezaji na mwanawe waje kulikagua eneo, akawaingiza chumbani humo, akatoka, akapiga komeo kwa nje, akaketi ngazini kunywa chai yake taratibu mpaka ikaisha. Alipowafungulia, mkurugenzi alitaka polisi, na mwekezaji, shati limemganda kwa jasho, akasema kitu pekee alichojifunza mle, kwamba patahitaji kiyoyozi. Kijana peke yake ndiye aliyeuliza, "Mama, kwa nini humu?"

"Bibi yako alinizaa humo," alimwambia, "hapohapo sakafuni ulipochora kaunta."

Kijana alikunja michoro yake, akawaambia watafute mtu mwingine, na kazi za ofisi ya mji hakuzipata tena. Marehemu alistaafishwa kabla ya wakati kwa barua iliyosema hana ukarimu, akaitia kwenye fremu, akaitundika chooni. Hoteli yenyewe haikufa kwa aibu, maana wale hawakuwa nayo, ilikufa kwa sababu mvua zilizofuata ziliiangusha buruji ya magharibi baharini na mwekezaji akatoweka. Siku hiyo marehemu alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaenda ufukweni peke yake, akarudi macho mekundu, akasema ni mchanga.

Alianza kuugua figo mwaka 2021, akafariki tarehe 3 Agosti 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake. Juzi ofisi ya mji ilituma mjumbe kutuomba mwili ulazwe chumba cha gavana ili waheshimiwa watoe heshima zao, na shemeji akamjibu, "Kawaambie mke wangu leo hapokei wageni."

Kijana wake ndiye anayewaingiza wanafunzi chumbani mle kila Jumamosi, na mlango huufunga kwa nje dakika chache.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa wodi ya figo, majirani mliotupa maji, viti na usingizi wenu, na wafanyakazi wenzake mliokuja hata baada ya kukatazwa kutoka ofisini. Shada la maua la mkurugenzi, lenye jina la marehemu lililokosewa, tumelipokea, na mbuzi wa jirani naye amelipokea.

Dada, pumzika kwa amani, kelele tutazipiga sisi.