Bango la Mama wa Treni

Sogezeni viti, wanangu, maana sauti yangu siku hizi haifiki mlangoni. Wewe Mwalimu, kifungua mimba wangu, shika kalamu uandike, na wewe Kitinda, weka hiyo simu chini kwanza, mnunuzi wako atasubiri. Najua mmekuja mkidhani nitagawa nyumba. Nyumba ni jambo jepesi: vyumba viwili vya mbele ni vya Mwalimu, viwili vya nyuma pamoja na kile chenye cherehani ya marehemu mama yenu ni vya Kitinda, ua ni wa wote, na atakayejenga ukuta katikati ya ua hana radhi yangu. Hilo limekwisha. Nililowaitia ni lile bango la sinema lililo kwenye kasha bapa chini ya kitanda hiki, na uongo nilioulalia pamoja nalo kwa miaka kumi na mmoja.

Mnajua nilikuwa mbandika mabango. Mimi na rafiki yangu, ambaye mji mzima ulimwita Gundi kwa sababu vidole vyake vilinata hata akikupa mkono wa pole msibani, tulikuwa na ndoo moja, ngazi moja na brashi mbili. Kila Jumatatu makopo ya filamu yalifika stesheni, na mabango juu yake yamekunjwa mara nane, nasi tukazunguka kubandika, ukuta wa stesheni, lango la soko, uzio wa kiwanda cha sabuni. Ikija picha ya ngumi tulipewa mabango mia tatu, na kabla gundi haijakauka vijana walishabandua nusu wakapambe vyumba vyao. Ilipokuja picha ya yule mwanamke dereva wa treni, tulipewa ishirini tu, tukaambiwa mengine yatatolewa picha ikishika. Haikushika. Ilikuwa ya mwanamke anayeendesha treni peke yake kupita jangwani, haina ngumi, haina wimbo, na watu walitoka katikati wakidai warudishiwe kiingilio. Meneja wa sinema akatuamuru tubandike bango la wiki inayofuata juu ya lile siku hiyo hiyo. Mimi nilibakiza mawili, wala si kwa akili. Mama yenu, wakati huo bado mchumba, aliyaona akasema, "Huyu mama anatazama mbele kama mtu aliyekwishakataa kurudi." Nikayakunja kwa ajili yake. Ya ngumi nilitunza arobaini, nikijiona mjanja, nikisema hiyo ndiyo akiba ya uzee.

Miaka ikapita, sinema ikageuzwa ghala la magodoro, akaja mkusanyaji mmoja wa miwani minene, nasi tukamwita Miwani. Nikamtandazia arobaini yangu kama mtu anayetandaza hariri. Akayapitia haraka haraka. "Mzee, haya kila nyumba inayo," akasema. Halafu akamwona Mama wa Treni chini kabisa, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Nikamwuliza, "Mbona unaifutia miwani picha iliyokimbiwa na watu?"

"Ndiyo maana," akanijibu. "Iliyopendwa, wote waliitunza. Iliyokimbiwa, nani aliitunza? Katika pitapita yangu yote nimeyaona matatu tu, na haya yako yanafika matano."

Akanunua moja. Hizi bati mnazozisikia mvua ikinyesha zilitoka kwenye bango hilo. La pili nikalitia kwenye kasha.

Wanangu, tangu siku hiyo nikashikwa na ugonjwa wa kuuliza. Nilitaka kujua kwa nini karatasi ile ile, wino ule ule, hii iwe nyumba na ile iwe ya kufungia sabuni. Nikagundua kwamba hata yale ya ngumi yalikuwa na zama zake: wale vijana waliobandua kuta walipofika miaka arobaini na tano na kushika mishahara walirudi kuyanunua, kwa kuwa mtu akipata fedha kitu cha kwanza anachotaka kununua ni ujana wake. Halafu wakazeeka, wakahamia kwa watoto wao kwenye vyumba vidogo, na watoto wakayarudisha sokoni kwa mafungu. Wauzaji wakawa wengi kuliko wanunuzi, na bei ikazama kama jiwe kisimani. Niliyajua haya kuliko Miwani mwenyewe, lakini kujua si kuwa mwema, wanangu, andika hivyo Mwalimu, hata kama haimo kwenye sheria za mirathi.

Nipeni maji kidogo. Ahsante.

Gundi alikuwa ameajiriwa kuvunja dari ya iliyokuwa ofisi ya meneja wetu. Juu ya dari akakuta furushi limefungwa kwa kamba ya katani, na ndani yake mabango sitini ya Mama wa Treni, hayajaguswa na brashi. Hakwenda kwao kwanza. Alikuja hapa anakimbia, vumbi la dari kichwani, akalitupa furushi mezani akasema, "Ndugu yangu, thelathini yako, thelathini yangu!" Hivyo hivyo, kama mtu anayegawa karanga.

Mimi nikapiga hesabu ya kijicho. Langu lilikuwa moja kati ya matano, sasa litakuwa moja kati ya sitini na tano. Nikamwambia, "Yachome. Bakiza mawili, moja lako, moja langu."

Akanitazama kana kwamba amesikia kuku anaongea. "Nichome karatasi nzima, yenye rangi nzuri hivi? Kwani imenikosea nini?"

Alifunga furushi lake akasema kesho atalipeleka kwa Miwani, na nusu yangu ingali yangu nikiitaka. Nikamtangulia. Asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Miwani kabla hajafungua, nikamwambia, "Akija Gundi, angalia sana. Yale yamepigwa chapa juzi. Mimi ndiye niliyekuwa nayabandika, nayajua." Miwani alikuwa na kioo cha kukuzia mfukoni, wala hakukitoa. Alitosheka na neno langu. Gundi alipofika akafukuzwa mbele ya wateja kama tapeli, na jioni akaja kwangu, hakuja kulalamika, alikuja kuniuliza, "Wewe unayajua. Kweli ni ya bandia?"

Nikasema, "Kweli."

Aliyagawa. Thelathini na tisa aliyagawa bure, akisema ni nakala tu, kwa vinyozi, kwa wasusi, kwa mafundi cherehani, moja likaenda hata kwenye shule ya udereva. Mimi nikakaa nikisubiri langu lipande bei, nalo likalala miaka minane bila mtu kulipigia hodi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini hawakusema kwamba lazima kwanza kitoke chini ya kitanda! Halafu wakaanza kuja, na walikuja mabinti. Walikuwa wamesukwa utotoni chini ya picha ile, wamekaa saa tatu saa nne wakimtazama yule mama anayetazama mbele, na sasa wana kazi zao na kuta zao. Wakawa wanauliza, "Lile halisi linapatikana wapi?" Bei ikapita ile ya Miwani mara nne. Huyo mnunuzi wako, Kitinda, anayekupigia tangu asubuhi, ni mmoja wao. Kwa hiyo aliyelipandisha bei bango letu ni Gundi, kwa mabango niliyomwambia ni takataka. Nimeligeuza jambo hili kichwani miaka yote na bado linanishangaza: yakiwa machache mno hakuna anayeyajua wa kuyapenda, yakiwa mengi mno hakuna anayeyahangaikia, na mstari uko wapi katikati, sijui.

Wiki iliyopita, daktari alipoacha kuniandikia dawa mpya, nilimwita Gundi nikamwambia yote. Alikaa pale unapokaa wewe, Mwalimu. Akakiweka chini kikombe cha chai, akauliza neno moja, "Kwa hiyo yalikuwa halisi?"

Nikasema, "Yalikuwa halisi."

Akacheka, halafu akalia, na kile kilio sikukitegemea. "Miaka kumi na mmoja," akasema, "najiambia macho yangu yamekufa. Nilibandika mabango miaka ishirini, nikashindwa kutofautisha halisi na bandia. Nikaacha hata kuwachagulia wajukuu kitambaa cha nguo, nikiogopa nitachagua kibaya."

Nikamwuliza yale ishirini na moja aliyobakiza aliyapeleka wapi.

"Ninayo. Niliyapenda hata yakiwa ya uongo."

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Nitakusamehe ukishawaambia watoto wako. Ukiniambia mimi peke yangu, umenipa siri nyingine ya kubeba."

Basi nimewaambia. Usinikatize, Kitinda, najua unalotaka kusema: tukitangaza kwamba ya Gundi ni halisi, letu litashuka. Huenda. Huenda pia likapanda, maana wale wenye mabango kwenye saluni wataamka na kujua walichonacho, na kila mmoja atasimulia. Sijui, mwanangu, na ningependa sana kuwepo nione. Lakini ukiliuza leo kabla ukweli haujatoka, utakuwa umemwibia Gundi mara ya pili, na safari hii pamoja na binti wa watu anayetoa akiba yake akidhani ni moja kati ya matano.

Andika, Mwalimu, nguvu... nguvu zinaniishia. Kesho mwende wawili, mkamchukue Gundi kwake, mwende naye kwa Miwani. Miwani ni mzee sasa, duka linaendeshwa na binti yake. Mtangulizeni Gundi, aingie yeye kwanza. Mwambieni Miwani atoe kile kioo. Akiona vitone vitone kama upele, ni nakala. Akiona wino umelala wote kama mafuta kwenye maji, ni halisi. Asome mwenyewe, asichukue neno la mtu. Karatasi hii, nikiitia kidole gumba, mwachieni ibandikwe dukani.

Kisha liuzeni letu kwa bei itakayokuwepo. Iwe kubwa, iwe ndogo. Nusu ya Gundi... nusu, si zawadi, alinipa nusu yake kwanza. Inayobaki mgawane bila kutazamana vibaya. Yale arobaini ya ngumi msiyatupe, gaweni tu, kwa vinyozi, kwa yeyote mwenye ukuta.

Njooni niwashike vichwa. Huyu ni nani? Kitinda. Usilie, mama. Mungu awape macho yenu wenyewe na awape watu wa kuyaamini. Msife na kijicho. Radhi zangu mnazo, zote, za mama yenu pia. Mwalimu... lete wino. Shika kidole, hakisimami chenyewe. Bonyeza. Zaidi kidogo... hapo.