Mzee Mutie Nyamai na Barabara za Dola ya Wendo (1951–2025)

Marehemu Mzee Mutie Nyamai alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 karibu na soko la Zombe, Kitui, mtoto wa tatu wa Mzee Nyamai na Mama Ndululu. Alisoma hadi darasa la saba, mwaka 1966. Karo ilimkatiza masomo, lakini kalamu haikumtoka mkononi.

Mwaka 1973 aliajiriwa katika kikosi cha barabara cha serikali, akaendesha greda kutoka Kathonzweni hadi Mtito Andei. Huko Kathonzweni ndiko alikompata Kanini, na tarehe 16 Desemba 1978 wakafunga ndoa kanisani. Mungu aliwapa Kavata, Munyao na Mwongeli.

Tarehe 21 Novemba 1986 Kavata, wa miaka sita, alishikwa na homa kali. Mama yake alimbeba mgongoni kumpeleka hospitali, akafika mtoni akakuta umefurika. Alingoja ukingoni tangu asubuhi. Maji yalipopungua jioni, hapakuwa tena na mgonjwa wa kuvusha. Marehemu alikuwa Mtito Andei siku hiyo, akiwalainishia wengine njia, na hakujisamehe kamwe.

Baada ya mazishi alinunua daftari, akaanza kuichora nchi isiyokuwepo, Dola ya Wendo, yaani ya Upendo, yenye mji mkuu uitwao Kavata. Aliacha madaftari ishirini na matatu. Ukiyafungua utashika mdomo: masoko yote yamo, bei ya mbuzi kila msimu, madaraja mia nne na kumi na mawili, kila moja na vipimo vyake. Sheria ya kwanza ya dola hiyo inasema, “Hakuna barabara itakayokomea mtoni.” Pesa yake inaitwa siku. Ukimfanyia jirani kazi siku moja unapata noti ya siku moja, naye yeyote utakayempa atakufanyia kazi siku moja. Aliandika pembeni kwamba hata maskini huamka na siku yake. Mtu wa darasa la saba, jamani!

Alipostaafu mwaka 2006 hakutaka dola hiyo ibaki kwenye karatasi. Mwaka 2014 aliita mwethya wa kijiji, kundi la kusaidiana kazi, kujenga daraja la mawe kwenye mto ule uliomzuia Kavata, na kila aliyebeba mawe akapewa noti iliyochorwa kwenye karatasi ya manila, ya kuchimbiwa matuta shambani kwake. Fitina haikosi, na polisi akaletwa.

“Mzee, hii ni pesa ya wapi?”

“Ya Wendo, afande.”

“Wendo iko county gani?”

“Bado iko kwa mabuku. Tunaileta pole pole.”

“Na mtu huipata aje?”

“Beba mawe.”

Afande alivua koti, akabeba mawe hadi saa nane. Noti yake aliiacha kwa mjane mmoja, akachimbiwa matuta. Kazi ilichukua miaka miwili, na saruji ikatolewa na kanisa.

Marehemu alianza kuugua figo mwaka 2023. Alivumilia sana. Kila aliyemtembelea hospitalini aliulizwa swali moja tu: “Mvua imenyesha nyumbani? Watu wanavuka?” Alituacha tarehe 13 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri.

Jana gari lililoleta mwili wake lilifika mtoni likakuta maji mekundu yakinguruma chini ya daraja. Dereva akasimama.

“Mama, maji ni mingi. Tungoje ipungue?”

Mama Kanini hakumtazama. “Hapa niliwahi kungoja. Leo singoji. Pita.”

Gari likapita, na sisi sote tukapita nyuma yake kwa miguu.

Marehemu ametanguliwa na binti yake Kavata. Ameacha mjane, Kanini, watoto, Munyao na Mwongeli, wajukuu watano, na daraja moja kati ya mia nne na kumi na mawili. Leo analazwa nyumbani kando ya Kavata, ng'ambo ya mto. Barabara imefika, Mzee. Pumzika kwa amani.