Amina Iliyochelewa

Hivi wewe ulishawahi kupiga kura huku umefumba macho? Usicheke kwanza. Nyuma ya soko la Lushoto, kwenye benchi la mbao za mkaratusi ambapo watu huota moto wa jiko la Jafari zaidi kuliko wanavyokunywa kahawa yake, swali hilo lilikausha birika zima asubuhi moja ya Mei. Ukungu ulikuwa umelalia mabati, na kila mtu alikikumbatia kikombe chake kwa mikono miwili. Sefania alikaa mwisho wa benchi. Kijiwe kilimbatiza Digrii tangu aliporudi kutoka chuo na shahada ya siasa na ualimu, akakuta ajira zimetangazwa kwa wachache na yeye si mmoja wao. Hasira alikuwa nazo kila siku, ila leo zilikuwa na anwani. Katikati ya benchi, ndani ya sweta la shule, alikaa Rahma, binti wa Jafari, kidato cha tatu, aliyerudishwa nyumbani akalete mzazi.

— Kosa gani tena? aliuliza Lumbesa, dalali wa karoti aliyepewa jina la yale magunia anayoyashindilia mpaka yanaota kichwa.

— Kufumbua macho, alijibu Jafari, akipuliza mkaa.

— Macho ya nani?

— Yake mwenyewe.

Lumbesa akamgeukia binti.

— Hebu nyoosha maelezo, mwanangu. Mimi mtu wa mizigo, vitu vidogo vidogo vinanipita.

— Anko, ulikuwa uchaguzi wa kiranja wa darasa letu, alisema Rahma. Mimi na Jenoveva. Mwalimu Kristian wa nidhamu akasema tuanze na sala, uchaguzi uwe wa amani. Tukalaza vichwa kwenye madawati, tukafumba macho. Akaomba, akaomba weee. Halafu palepale ndani ya maombi akasema, anayemtaka Rahma anyooshe mkono. Shusheni. Anayemtaka Jenoveva anyooshe. Shusheni. Ndipo akasema Amina.

— Subiri, alidakia mzee Ibrahimu. Amina ilikuja mwisho?

— Mwisho kabisa, babu. Kura yote ilipigwa ndani ya sala.

— Na wewe ukachungulia.

— Kwenye mikono ya walionitaka mimi, na ya Jenoveva pia. Darasa lilikuwa limejaa mikono, babu, hata ubao sikuuona. Ya Jenoveva ilikuwa ya kuokoteza. Jenoveva mwenyewe alikuwa amesinzia. Alipotangazwa mshindi ilibidi aamshwe apongezwe.

Benchi lilitikisika kwa kicheko. Lumbesa alimwaga kahawa kwenye gambuti lake.

— Huyo ameiva, alisema. Anasinzia kikaoni na bado anapita. Mpelekeni bungeni, mnamchelewesha hapo shuleni.

— Nikasema, mwalimu, mimi nimeona, Rahma aliendelea, yeye hakucheka. Akaniuliza, umeonaje wakati tunasali? Wenzangu walioona nao wakanyamaza. Ukisema umeona, umekiri umefumbua.

Sefania aliweka kikombe chini.

— Seriously, mnacheka nini? Mimi ndiye niliyewafundisha Civics hao watoto. Nilisimama mbele yao nikawaambia, kura ni siri, hesabu ni hadharani. Free and fair. Sasa huyu bwana ameigeuza kama soksi. Kura ya kila mtoto ameiona yeye, mwenye fimbo. Hesabu ndiyo imekuwa siri. Halafu anaiita practical ya somo langu.

— Digrii kaanza lecture, alisema Lumbesa. Bure, hatulipi ada.

— Ungelipa ungejua kuhesabu magunia.

— Magunia nayahesabu kichwani, na mkulima namwambia asinikatishe. Mwalimu Kristian amefanya biashara yangu, tofauti yeye ametanguliza maombi. Nami nitaanza kuomba Jumatatu.

Mzee Ibrahimu alikohoa kikohozi cha kuomba nafasi. Yeye kijiwe kinamwita Hazikutosha, maana aligombea uenyekiti wa kitongoji mpaka bango lake likachakaa, na kila mara akarudi na neno moja: kura hazikutosha.

— Mimi leo nimefunuliwa, alisema polepole. Mikutano yote niliyoshindwa ilifunguliwa kwa dua. Yote. Na mimi nikiomba naomba kweli, sifumbui mpaka nisikie wengine wanakohoa. Jamani. Nilikuwa nafumba macho, watu wananishinda.

— Mzee, wewe ulishindwa kwa sababu uliahidi barabara ya lami mpaka shambani kwako, alisema Jafari.

— Hiyo ilikuwa sera. Nazungumzia mbinu. Na angalieni jambo jingine: kwa nini chaguzi za huku milimani zinaanza asubuhi, ukungu ukiwa chini? Mombo pale chini bondeni jua linawaka, mtu anaona mpaka kisigino cha karani. Huku unaona kofia tu. Ukungu huu si wa Mungu peke yake.

— Unaletwa na nani, mzee?

— Siwezi kutaja. Nina wajukuu shuleni.

— Mimi nasema ni mtaala, alisema Lumbesa, akisogea kama anayegawa siri. Wanawazoesha mapema. Kidato cha kwanza unafumba macho. Cha nne unafumba na masikio. Ukifika miaka kumi na nane, umekamilika, unapewa kitambulisho cha mpiga kura chenye picha yako umelala.

— Point of correction, alisema Sefania. Mtaala hauko hivyo, mimi nimeufundisha.

— Umeufundisha, eeh. Na siku ya uchaguzi ulikuwa wapi, mheshimiwa mtaala?

Sefania alichungulia machicha ya kikombe chake. Siku ile alikuwa ofisi ya walimu, ukuta mmoja tu kutoka darasa lile. Alimsikia Rahma akisema nimeona. Alisikia na fimbo ikigongwa mezani. Akaendelea kusahihisha madaftari kwa bidii ambayo hakuwahi kuwa nayo. Yeye pale anajitolea, hana mshahara, na mkuu wa shule amemwahidi barua ya kuthibitisha kujitolea kwake, ile ambayo kwenye maombi ya ajira humtoa mtu mkiani. Barua ilikuwa haijasainiwa.

— Nilikuwa na kazi, alisema.

— Isiyo na mshahara, alisema Lumbesa. Kazi ya kunyamaza ndiyo wanayokupa bure.

Jafari aliifuta meza ambayo haikuwa chafu.

— Jamani, mimi naenda sasa hivi kuonana na mkuu. Wamesema Rahma asimame mstarini, aseme mbele ya shule nzima kwamba hakuona kitu, alidanganya. Akisema, anaingia darasani. Asiposema, anakaa nyumbani mpaka muhula ujao, na mitihani inampita. Mimi nataka mtoto asome. Atasema.

— Baba, niseme sikuona?

— Useme, mwanangu. Maneno hayavunji mfupa.

— Lakini niliona.

— Hata mimi nakuamini. Hata hivyo, sema hukuona.

Rahma hakubishana. Alimtazama Sefania, macho makavu, kama mwanafunzi anayesubiri mwalimu aandike jibu ubaoni.

Wakati huo mama mmoja alitokea ndani ya ukungu, ana tenga la mapeasi kichwani na rozari imening'inia juu ya kanga. Alikuwa mama Esteria wa kijiji cha Gare, ameteremka sokoni.

— Onga makeo, alisalimu kwa Kishambaa.

— Tiwedi, mama. Shikamoo, waliitikia vijana.

— Marahaba. Mbona mmenuna kama mmepigwa faini? Jafari, nipashe moto kwa kikombe.

Jafari alimmiminia, akamweleza: sala, mikono, Amina ya mwisho, binti aliyechungulia. Mama Esteria alisikiliza huku akipuliza kahawa. Alikuwa mtu wa jumuiya ya kanisani, sala anazijua zinapoanzia na zinapoishia.

— Na huyo mwalimu, aliuliza, wakati anahesabu hiyo mikono, alikuwa amefumba macho au amefumbua?

Jafari alisimama na kitambaa mkononi. Lumbesa, ambaye hajawahi kukosa neno tangu ajifunze kuuza, alijikuna kisogo.

— Labda alifumba moja, alisema mwishowe, na hata yeye hakujiamini.

— Kama alifumba, alihesabu nini? aliuliza mama Esteria. Na kama alifumbua, mbona anaadhibiwa mtoto peke yake? Mimi nauliza tu. Kuna kahawa nyingine?

Jafari aliinamisha birika. Likatoa tone moja na machicha. Alifunika mkaa kwa majivu, akamshika Rahma bega.

— Twende.

Sefania alikuwa ameshasimama.

— Wewe unakwenda wapi? aliuliza Lumbesa. Barua yako je?

— Ibaki huko.

Walipanda mlima watatu bila maneno mengi, viatu vikiteleza kwenye udongo mwekundu. Ofisini mkuu wa shule alikuwa nyuma ya meza, Mwalimu Kristian pembeni yake. Sefania alitoa shikamoo kwa wote wawili, akangoja marahaba zote mbili, ndipo akasema akiwa wima:

— Rahma hatasimama mstarini kusema uongo. Mrudisheni darasani leo, kwenye kipindi kinachofuata. Mwalimu Kristian, wewe ndiye utakayesimama mstarini, uwaambie wanafunzi ulihesabu mikono yao ukiwa umefumba macho au umefumbua. Halafu uchaguzi urudiwe kwa karatasi. Salini kwanza, mkitaka salini hata mpaka adhuhuri, ila mseme Amina kabla ya kura, na kila karatasi ihesabiwe watoto wakitazama.