Vigingi Viwili vya Benedicta Kihwele

"Gobore likichelewa kulipuka ni uzee wake tu. Hakuna cha kutibu hapo, na meza ya silaha ifungwe fundi wake akiondoka." Maneno hayo aliyasema ndugu yetu Edmund, mkuu wa stoo, katika kikao cha kamati ya mali cha mwezi uliopita, na wajumbe kadhaa wakaitikia kwa vichwa. Mimi nayapinga hapa hapa, kwenye jarida letu la wafanyakazi, kwa sababu ushahidi wa kuyaangusha unaondoka karakanani tarehe 30 Juni. Ushahidi huo ni Benedicta Kihwele, fundi mkuu wa silaha, anayestaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Iringa na Mbeya.

Benedicta alizaliwa jirani na Tosamaganga. Baba yake alikuwa mhunzi, na yeye alikwenda chuo cha ufundi kusomea chuma wakati wenzake wa kike wakipelekwa ushonaji. Alipoajiriwa, mkuu wa karakana wa wakati huo alimwonyesha mashine ya kupiga chapa. Benedicta akamjibu kwamba kuchapa hajui, ila kama mashine imeharibika ataitengeneza. Ilikuwa imeharibika kweli. Aliitengeneza, kisha akahamia meza ya silaha na hakuulizwa tena.

Asije mtu akatuambia kwamba Benedicta ni mnyenyekevu. Anajua kazi yake na anajua kwamba anaijua. Akimaliza gobore, hulipuliza, hulitazama, halafu huwaita waliopo waje kuona. Kwaya ya parokia yake inamfahamu kwa tabia hiyo hiyo.

Kwa walioingia kazini juzi: walinzi wa mashamba wa vijijini, kuanzia mpunga wa Ubaruku hadi mahindi ya Idodi, bado wanafukuza wanyama kwa magobore yenye vibali. Baruti hushindiliwa kutokea mdomoni mwa mtutu. Nyuma, nyundo hugonga fataki, na cheche hupita kwenye tundu jembamba hadi kwenye baruti. Ikifika upesi, mlio unatoka pale pale. Ikikwama njiani, gobore linanyamaza, mlinzi anadhani limekufa, analishusha, na hapo ndipo linalipuka.

Hivyo ndivyo ilivyomkuta Timotheo, mlinzi wa kijiji kimoja upande wa Idodi. Tembo walikuwa wameingia kwenye mahindi. Alifyatua, kimya. Akageuka na gobore lake mkononi kuwaomba wenzake fataki nyingine. Likalipuka likiwaelekea. Gololi ilipita katikati ya watu wawili na kutoboa dumu la ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Kijiji kilicheka wiki nzima, na wapo waliomdai Timotheo ulanzi wao. Mke wake, Happy, hakucheka. Alikuwa mmoja wa wale wawili.

Wataalamu walikwenda, wakasema baruti ni mbovu. Ikaletwa baruti mpya, na magobore yakaendelea kuchelewa. Wakasema fataki. Zikaletwa fataki mpya, mambo yakawa yale yale. Ndipo likazaliwa neno la uzee, ambalo Edmund analirudia leo kama sala.

Benedicta alipofika kijijini, walinzi walijipanga mstari shambani wamwonyeshe gobore linavyofyatuliwa. Alikataa hata kutazama. Aliwaambia, "Hapa nimeshaelewa. Nipelekeni linapolala."

Wakampeleka nyumba kwa nyumba. Kila gobore lilining'inia ukutani, mdomo juu, linameremeta mafuta ya alizeti. Watu wale walizipenda silaha zao kupita kiasi, na jioni walizipaka kama mtoto anayetoka kuogeshwa. Sasa mafuta hayana adabu, hushuka tu. Yalitiririka ndani ya mtutu hadi chini, yakaingia kwenye lile tundu, yakalowesha baruti ya kesho yake. Cheche ilikuwa inapita kwenye tope. Uzee haukuwa na sehemu yoyote katika jambo hilo: gobore jipya kuliko yote kijijini ndilo lililochelewa zaidi, kwa kuwa mwenye nalo alikuwa mkarimu wa mafuta.

Dawa ilikuwa rahisi: mdomo uelekee chini. Wazee wakakataa kwa sauti moja. Pale kijijini, silaha hugeuzwa mdomo chini siku ya kufiwa, na hurudishwa matanga yakiisha. Mzee Ambrosi, mwenye nyumba ya kwanza, alimuuliza kwa upole, "Mwanangu, unataka tujiombolezee tungali hai?"

Benedicta akamjibu, "Hapana, baba. Nataka Happy asiombolezwe."

Mtu mwingine angetoa amri, au angeandika ripoti kwamba wananchi ni wagumu. Yeye aliomba nyundo na vipande viwili vya mti. Akapigilia vigingi viwili ukutani kwa Mzee Ambrosi, kimoja chini kidogo ya mwenzake, akalilaza gobore juu yavyo, mtutu upande wa chini. Mafuta yakapata njia ya kutokea mdomoni. Akawauliza wazee kama gobore hilo limefiwa. Mzee Ambrosi akalizunguka, akainamisha kichwa, akasema hilo limelala tu. Basi, likapita. Leo ukienda huko unavikuta vigingi hivyo kila nyumba yenye gobore, na vina jina la Benedicta.

Mengine aliwafundisha papo hapo: mtutu ukaushwe kwa kitambaa kabla ya kushindilia, tundu lizibuliwe kwa waya mwembamba, na fataki moja ilipuliwe mtutu ukiwa mtupu ili mabaki ya mafuta yatoke. Na gobore likinyamaza, mdomo ubaki unatazama mahali pasipo na mtu, na mlinzi aimbe wimbo mzima wa kanisani, beti zote, kabla ya kulishusha. Walutheri walidai wao watakuwa salama zaidi kwa sababu nyimbo zao zina beti nyingi. Benedicta akawajibu kwamba Wakatoliki huimba polepole.

Msimu uliofuata, gobore la Timotheo lilinyamaza tena, fataki ikiwa na unyevu. Timotheo aliimba, mdomo wa gobore ukitazama kichuguu. Lililipuka kwenye ubeti wa tatu, na kichuguu ndicho kilichoumia. Happy alipanda lori hadi Iringa na kuku wawili, akamkabidhi Benedicta mlangoni mwa karakana.

Kwa haki, Edmund ana hoja moja. Yapo magobore yasiyofaa kuishi, na Benedicta ndiye aliyeua mengi kuliko mtu yeyote. Aliwahi kuletewa moja lililoundwa kwa bomba la usukani wa gari, akalikata kwa msumeno mbele ya mwenyewe, na kipande hicho sasa kinafungiwa mbuzi huko Mbarali. Lakini kujua lipi la kukata na lipi la kulaza ndiyo kazi yenyewe. Stoo haiwezi kuifanya.

Dada Benedicta, tunakushukuru kwa ukali wako, kwa ustadi wako, na kwa watu wanaolala majumbani mwao leo wasijue walikuwa karibu kiasi gani na msiba. Nenda kwenye shamba lako la parachichi, uimbe beti zote bila haraka.

Nanyi wajumbe wa kamati ya mali, sherehe ni Ijumaa. Msije na kanga na hotuba halafu Jumatatu mkaigeuza meza yake kuwa rafu ya matairi. Fundi Ezron Sanga amefundishwa na Benedicta mwenyewe, na yuko tayari kuishika. Futeni azimio lenu la kuifunga meza hiyo kabla ya Ijumaa. Na wewe Edmund, ufunguo wa kabati la meza hiyo uko mfukoni mwako: njoo nao, umkabidhi Ezron mbele ya Benedicta, kabla keki haijakatwa.