Baba Yuko Ukurasa Gani

MWALIMU: Haloo? Nani mwenzangu?

MSUSI: Dada yako. Namba yangu huipokei, nimeazima simu ya mteja.

MWALIMU: Niko kazini.

MSUSI: Shikamoo, kaka.

MWALIMU: Marahaba. Sema haraka.

MSUSI: Kile kitabu chako cha historia ya dunia. Nakihitaji Jumapili, tukikutana kusoma hapa saluni.

MWALIMU: Si mlikirudisha? Mkasema kizito?

MSUSI: Na ni kizito. Wasomaji wangu ni washonaji na wauza mboga, hawana mtihani wa kufanya. Ukawapa tofali. Wakaanza kutoroka, mara mgonjwa, mara msiba—

MWALIMU: Ndiyo ukawanunulia cha picha.

MSUSI: Cha picha na ramani. Kinaanza mwanzo kabisa, kinafika mpaka juzi, na wanakisoma. Mama naye anakisoma.

MWALIMU: Mama anatazama picha.

MSUSI: Anasoma. Kwa kidole, lakini anasoma. Ungekuwa unakanyaga hapa ungejua.

MWALIMU: Usianze. Hicho kitabu chenu nilikifungua dukani. Vita vilivyommeza baba vimepewa mistari miwili. Mfalme mmoja wa ng'ambo na wake zake wamejaziwa kurasa nzima. Huoni haya?

MSUSI: Ni kitabu cha kuanzia. Kingesema yote kingekuwa chako.

MWALIMU: Changu kina sura nzima ya—

MSUSI: Na ndiyo ninayoitaka! Jumapili iliyopita tulifika kwenye hiyo mistari. Mama kaisoma. Kafunua mbele, karudi nyuma. Kisha akauliza, watu wote wanasikia, "Baba yenu yuko ukurasa gani?"

MWALIMU: [mlango unafungwa]

MSUSI: Haloo?

MWALIMU: Nipo. Ukamjibu nini?

MSUSI: Kwamba yumo kwenye kile kinene cha kaka.

MWALIMU: Nani kakutuma?

MSUSI: Wewe! Ulisema, "Hiki hakimwachi mtu." [mtandao unakwaruza] ...hapa hapa saluni, umesimama.

MWALIMU: Nilisema kabla sijakimaliza. Sasa nimekisoma chote, mpaka yale maandishi madogo ya chini. Majenerali wamo. Mizinga imo, imehesabiwa. Dereva wa lori kama baba hayumo.

MSUSI: Labda hukutazama vi—

MWALIMU: Hayumo! Ulidhani nimeacha kuja kwa uvivu?

[Mashine ya kukaushia nywele inavuma.]

MSUSI: Basi njoo umwambie.

MWALIMU: Mwambie wewe uliyemwahidi.

MSUSI: Wewe ulituahidi sote. Mama ameshatengenezesha miwani, kaka. Kasikia herufi za kitabu chako ni ndogo.

MWALIMU: Sikia, vocha inaisha, tutaongea—

MSUSI: Vocha ya nani? Aliyepiga ni mimi.

MWALIMU: Haloo? Haloo? Mtandao huu... sikusikii.

MSUSI: Unanisikia vizuri sana.

[Simu inakatwa.]