Sura ya Mheshimiwa Ukutani

Redio ya basi ilikuwa ndiyo kwanza imemaliza kumhoji mbunge wetu, na mama muuza mitumba aliyekaa mbele yangu akaanza palepale.

"Mwaka jana huyu alilala mbele ya tingatinga soko letu lisibomolewe," alimwambia jirani yake, fundi wa kuandika mabango aliyebana ndoo kati ya miguu. "Nilimvulia kilemba changu ajifute vumbi! Leo anasema soko ni uchafu, livunjwe."

"Watu hubadilika, mama. Mimi zamani nilikuwa sili bamia."

"Lakini wewe hukuziomba bamia kura!"

Nikajikohoza nisicheke. Fundi yeye alicheka waziwazi, kisha akasema ndiye aliyemchora mheshimiwa kwenye ukuta wa stendi, chini akaandika SOKO HALIBOMOLEWI, na sasa ameitwa kubadilisha maneno.

"Ni kazi ndogo. Sura niliipaka rangi ya mafuta, hiyo haitoki. Maneno niliandika kwa chokaa, ukipitisha dekio yameondoka. Mwenyewe ndivyo alivyoagiza."

"Aliagiza lini?"

"Kabla hajaenda kulala mbele ya tingatinga."

 Mama akakipapasa kilemba chake kichwani, kisha akainama kuchungulia ndoo.

"Na haya maneno mapya, unayaandika kwa rangi gani?"

"Kwa chokaa vilevile, mama."

Basi likasimama stendi. Mama akatangulia kushuka, akageuka, akampokea fundi ile ndoo. "Lete nikusaidie, maadamu ni chokaa."